Pango Nililokataa Kuingia

Kabula mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda sokoni Nyasubi kuwaaga wenzenu mnaouza nao dagaa, na kwa ninavyowafahamu, kuaga huko hakutaisha kabla jua halijazama. Nimepata nafasi. Nimekaa barazani na daftari lako la kidato cha pili, kalamu nimeazima kwa jirani, na tangu saa nane nimeshachana karatasi mbili. Hii ya tatu siichani hata ikitoka vibaya.

Habari za safari sikuandikii. Ukae kiti gani kwenye basi, simu uifiche wapi, maji unywe ya chupa au ya kuchemsha, hayo yote mama yako ameshayasema, mengine mara tatu. Mimi nina jambo moja nililokukosea mwaka jana. Hulijui, na nataka ulijue kabla hujapanda basi. Nitalifikia. Ila nikianza nalo hutanielewa, kwa hiyo nivumilie kwanza nikueleze jinsi nilivyokuwa mgeni mbovu kuliko wageni wote waliowahi kukanyaga Tanga.

Usicheke. Kesho unakwenda kujifunza kuongoza wageni, kuwapeleka ufukweni, mji wa zamani, na kwenye yale mapango ya Amboni. Walimu wa chuo watakufundisha habari za wageni wanaopendeza. Mimi nitakufundisha habari za wageni kama mimi, na hao ndio wengi.

Mwaka ule wa safari, duara letu, lile shimo la kuchimbia dhahabu, lilikuwa limetukubali. Tulipata jiwe zuri, na wenzangu wakafanya wanavyofanya wachimbaji: huyu pikipiki, yule mke wa pili, mwingine akanywa mpaka akarudi machimboni kwa miguu. Nikamuuliza mama yako anataka nini. Nilitegemea aseme cherehani. Akasema, "Nataka kuona bahari." Nikamwambia maji yapo Chato, kwetu kabisa, nitampeleka hata kesho. Akasema, "Hayo nimeyaona. Nataka yale yenye chumvi."

Tukasafiri siku tatu mpaka Tanga. Sote tulikuwa hatujawahi kufika pwani, lakini mimi niliamua njiani kwamba hakuna mtu atakayejua hilo. Nilinunua viatu vyeusi vyenye ncha, vya kung'aa, nikavivaa basi zima mpaka vidole vikafa ganzi.

Asubuhi ya kwanza tukashuka ufukweni Raskazone. Mama yako alisimama akatazama, akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo kwetu hatukuwa tumezoea. Mimi nikaingia majini mpaka magotini, nikateka maji kwa viganja nikasukutua mdomo, kama ninavyofanya ziwani tangu utoto. Unaelewa kilichotokea. Nilijua ni ya chumvi, nilikuwa nimeambiwa, lakini mkono ulikuwa na mazoea yake. Nikameza, maana kutema kungeonyesha kwamba mimi ni mgeni.

Halafu nikavua viatu vyangu, nikavipanga vizuri juu ya jiwe karibu na maji, na soksi ndani yake, tukaenda kutembea. Tulikunywa madafu. Tulikula pweza, mama yako akasema ni mtamu ila unatafuna kama unagombana naye. Tuliporudi, jiwe halikuwepo. Viatu havikuwepo. Hata ule mchanga tuliokuwa tumeukalia haukuwepo. Nikapiga kelele kwamba nimeibiwa. Palikuwa na mama mmoja anauza kachori, akaniambia kwa upole, "Hujaibiwa, baba. Bahari imerudi."

"Imerudi kutoka wapi?" nikauliza.

Kabula, mimi nimekulia ziwani. Ziwa letu ukiliacha mahali jioni, asubuhi unalikuta palepale. Nani angeniambia kwamba kuna maji yanayoondoka na kurudi kila siku? Yule mama akaanza kunieleza habari za kupwa na kujaa, na mimi, badala ya kusikiliza, nikamkatiza: "Najua, najua, hata kwetu yanarudi." Mama yako akageuka kando, mabega yanatikisika. Nikatembea mjini peku siku nzima. Mhudumu wa nyumba ya wageni alipotazama miguu yangu, nikamwambia sisi wachimbaji tuna kawaida ya kupumzisha nyayo.

Basi likumbuke hilo unapompokea mtu. Mgeni hatakuambia kwamba hajui. Atakuambia anajua, na atasema kwa ukali kidogo. Mweleze habari za maji kabla hajavua viatu, na umweleze kama unayemkumbusha tu. Yule mama wa kachori alikuwa mwalimu mzuri, ila alichelewa kwa saa mbili.

Siku ya pili na ya tatu zilikuwa nzuri, na nisizipite. Tanga watu wanapenda baiskeli. Tuliazima moja, mama yako akakaa nyuma kwenye kiti cha mizigo, upande upande kama bibi harusi, tukazunguka mitaa ya zamani yenye nyumba walizojenga Wajerumani, na nguzo zake nene na madirisha marefu. Nilipotea mara nne. Sikuuliza njia hata mara moja. Mama yako ndiye aliyekuwa anauliza kwa siri huko nyuma, kwa mikono, na watu wakimwonyesha kwa mikono, kisha ananiambia, "Mimi nadhani tukate kushoto." Nilijua miaka mingi baadaye. Jioni tulikaa kwenye ukuta wa bustani unaotazama bandari, tukala mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Nilikuwa na malapa ya plastiki miguuni. Sikumbuki siku nyingine niliyokuwa na raha kama ile, na nilikuwa nimeshapoteza viatu.

Siku ya nne tukaenda Amboni.

Aliyetupokea alikuwa mwanamke, umri kama wako sasa, anaitwa Mwanahamisi, ana kofia na tochi kubwa. Palikuwa na wageni wengine wawili, mtu na dada yake kutoka Moshi. Mwanahamisi akatueleza kwamba pango limejichimba lenyewe kwa maji, lina vyumba, lina popo, lina mahali ambapo watu huacha ubani na maombi yao. Mimi sikuwa nasikiliza. Nilikuwa natazama juu. Wewe unajua kazi yangu ya sasa, kuuza magogo ya kushikiza maduara, na hata wakati ule nilipokuwa nashuka mwenyewe, kitu cha kwanza nilichotazama kwenye shimo lolote ni matimba, yale magogo yanayozuia mwamba usikuangukie. Humo hamkuwa na gogo hata moja.

"Matimba yako wapi?" nikamuuliza.

"Samahani, kaka?"

"Nani ameshikiza hapa juu?"

Akacheka, si kwa dharau. "Hapa hapajashikizwa na mtu. Pamesimama hivihivi tangu kabla ya babu zetu."

"Ndiyo maana pamechoka," nikasema.

Nikaokota jiwe nikagonga ukuta, nikatega sikio, kama tunavyofanya kusikiliza mwamba. Mtu wa Moshi akanitazama kama mwizi anayepima nyumba. Nikaweka hata kijiwe mfukoni nikakichunguze nyumbani. Na hapo ndipo nilipofanya kosa lenyewe. Machimboni, kama ujuavyo, mwanamke hasogei kwenye mdomo wa duara. Wanasema dhahabu inakimbia. Sikuwahi kuulizana na mtu kama ni kweli, nilikuta hivyo nikashika hivyo. Nikamgeukia mama yako, mbele ya watu wote wale, nikamwambia, "Wewe huingii."

Mama yako akauliza taratibu, "Humo mna dhahabu?"

"Hamna."

"Basi itakimbia nini?"

Akamfuata Mwanahamisi. Hakugeuka nyuma. Mimi nikabaki nje, na nikafanya kazi pekee niliyoijua. Kwenye duara, watu wakishuka, lazima mmoja abaki juu, mdomoni. Kila baada ya muda anaita jina la aliye chini, "Upo?" na wa chini anajibu, "Nipo." Asipojibu, watu wanaitwa. Basi nikasimama kwenye mlango wa pango la watalii, na malapa yangu, nikaanza kuita. "Minza! Upo?" Mara ya kwanza sauti yake ikaja, "Nipo!" Mara ya pili ikaja kwa mbali. Baada ya hapo haikuja tena. Nikaita mpaka koo likawaka. Mlinzi akaja akaniomba, "Kaka, unawasumbua popo."

Alipotoka alikuwa na tope magotini na utandabui kwenye nywele, na sura ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Akaniambia neno moja tu: "Luhende, umekosa." Alikuwa na maana kwamba nimekosa kuona. Mimi nikasikia kwamba nimekosea. Yote mawili yalikuwa kweli.

Njiani kurudi, tulipokuwa tumeshaipita Singida, akanieleza kwamba ana mimba ya miezi miwili. Alikuwa anajua tangu nyumbani. Yaani alipoinama kuingia kwenye lile shimo lisilo na gogo, wewe ulikuwemo. Nilikasirika, sitakuficha. Nilinuna mpaka Kahama, na miezi yote iliyobaki nilikuwa nasubiri balaa. Halafu ukazaliwa, mzima, unalia kwa nguvu, mvua inapiga mabati mpaka mkunga anasema kwa kupayuka, tukakuita Kabula, mtoto wa mvua. Balaa halikuja. Lakini unafikiri niliacha kulisubiri?

Sasa nikueleze kwa nini niliita vile pale mlangoni, maana mama yako anapokusimulia kile kisa huwa mnacheka mpaka machozi, na mimi nacheka nanyi, lakini kuna sehemu sijawahi kuisema.

Miaka miwili kabla ya safari ile tulikuwa tunachimba upande wa Geita, mimi na Baba mdogo Masanja. Ndiyo, huyu huyu anayekuja kunywa chai Jumapili na kukutania kwamba utaolewa na popo. Siku ile yeye alikuwa chini na mimi nilikuwa mdomoni. Akapita mtu mbio, anasema huko Runzewe dhahabu imeonekana kwenye shamba la mihogo la mtu, inaokotwa juu juu. Wewe umeiona hali hiyo. Watu wanaacha sufuria jikoni. Nikaita chini, "Masanja, narudi sasa hivi," nikakimbia na wenzangu kutafuta gari. Nilikuwa nimeshapanda nyuma ya lori, tumeshakwenda mwendo mrefu tu, ndipo nikakumbuka kwamba sikumsubiri ajibu.

Niliruka nikarudi kwa miguu. Nilipofika jua lilikuwa limeinama. Ubavu wa duara ulikuwa umemeguka, gogo moja limekatika, na kutoka chini nikasikia sauti imekauka, inasema, "Nipo. Nipo. Nipo." Hakuna aliyekuwa anamwita. Alikuwa anajibu tu, alasiri yote, mguu umebanwa. Tulimtoa, mimi na akina mama waliokuwa wanatwanga mawe jirani, wanawake hao hao tusiowataka mdomoni. Siku ile hakuna aliyeuliza habari za dhahabu kukimbia. Ule mguu anaochechemea hadi leo ni wa siku hiyo. Watu anawaambia gogo lilikatika. Kweli lilikatika. Hajawahi kumwambia mtu yeyote ni nani aliyekuwa mdomoni.

Nilimwomba radhi baada ya miaka mingi, siku moja barazani hapa hapa. Akakoroga chai yake, akasema, "Nilijua utarudi, Luhende. Nilichokuwa sijui ni saa ngapi." Akaomba aongezewe sukari.

Kwa hiyo mimi nilijiapiza kwamba sitaondoka tena mdomoni. Na nimeshika kiapo hicho vibaya, mwanangu. Niliona kazi ya mtu wa mdomoni ni kuzuia watu wasishuke. Ndivyo nilivyomfanyia mama yako Amboni. Ndivyo nilivyokufanyia wewe.

Ile bahasha ya kaki ya mwaka jana, yenye fomu yako ya chuo, uliyonipa niipeleke stendi itumwe Tanga kwa basi. Nilikuambia nimeituma. Sikuituma. Niliisoma nikaona maneno "kuongoza wageni mapangoni," nikaenda nayo bandani, nikaiweka chini ya sanduku la misumari. Nilijiambia ni kwa siku mbili tu, nifikiri. Siku mbili zikawa wiki, tarehe ikapita, na wewe ukawa unaitazama simu kila ikilia. Halafu jioni ile ukiwa unachambua dagaa ukamwambia mama yako, bila kulia, "Labda sikufaa." Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwako. Nilisikia. Nikainuka nikaenda kuangalia kuku.

Ulifaa. Walikuwa hawajaiona fomu yako, basi. Mwaka mzima umekaa sokoni ukiamini kwamba watu wa mbali walikutazama wakakukataa, na aliyekukataa alikuwa anakula nawe kwenye sinia moja. Nina aibu ya jambo hilo kuliko ya mguu wa Masanja, maana Masanja nilimsahau, wewe nilikuwa nakukumbuka kila siku.

Mwaka huu uliomba tena kimyakimya, mama yako akaweka sahihi, mimi nikaambiwa majibu yalipokuja. Mlifanya vizuri. Leo asubuhi nilimweleza mama yako habari za bahasha. Alikuwa anafunga kanga zako. Alifunga ya kwanza, akafunga na ya pili, nikadhani hatanijibu leo wala kesho. Halafu akasema, "Mimi usiniombe radhi. Mwandikie mwenyewe, kwa mkono wako." Akaendelea kufunga kanga, ila kwa nguvu zaidi.

Basi nimeandika. Bahasha hiyo nimeiambatisha, ina vumbi na kutu ya misumari, haijapotea ukurasa.

Mwanzo nilitaka kuiweka barua hii kwenye begi lako, uikute ukiwa Dodoma au mbele zaidi. Nikaona huo ni ujanja ule ule wa kupanda lori. Ungekasirika ukiwa peke yako katikati ya watu usiowajua, na mimi niko huku nakunywa chai. Kwa hiyo nitakupa mkononi jioni hii, mkirudi, na uisome ndani wakati mimi niko hapa nje. Ukitaka kunigombeza, nigombeze. Ukitaka kunyamaza, nitavumilia, ila usininyamazie muda mrefu kama mama yako, mimi sina kifua chake. Na usiponisamehe kabla ya kesho, panda basi hivyo hivyo. Safari yako haingoji moyo wako utulie kwa ajili yangu.

Hofu yangu haijaisha. Ningesema imeisha ungejua nadanganya. Nikikufikiria umevaa kofia, umeshika tochi, unawaongoza watu wa watu kwenye lile shimo, bado natafuta magogo juu yako. Lakini tangu asubuhi, nikiwaza hivyo, kuna kitu kingine kinakuja pembeni, na nimekitafutia jina nikaona ni furaha. Mtoto wangu anajua njia mahali nisipopajua. Nimekuwa nikijaribu kuiwaza sura yako ukimjibu mchimbaji mmoja mkaidi anayekuuliza matimba yako wapi, na kila nikijaribu nacheka peke yangu hapa barazani. Jirani ameshanitazama mara mbili.

Ninakuomba kitu kimoja. Ukishaifahamu kazi, nikaribishe. Tutakuja mimi na mama yako, na safari hii nitakuwa na malapa tangu nyumbani. Tutaanzia Raskazone, na utanieleza maji yanarudi saa ngapi, na mimi nitasema sijui, nieleze. Tutakula pweza. Tutazunguka na baiskeli, na nikipotea nitauliza. Halafu utanipeleka Amboni. Mbele ya wageni usiniite baba, nisije nikajiona mkubwa nikaanza kugonga kuta. Ukisema inama, nitainama. Ukisema zimeni tochi, nitazima. Kile kijiwe nilichokiiba bado kipo, ndicho mama yako anachozuilia mlango wa jikoni. Nitakirudisha mahali pake mwenyewe.

Katika nyumba hii wameshaingia pangoni wawili, mama yako na wewe. Nimebaki mimi.

Nawasikia mnakuja, sauti ya mama yako inatangulia kona. Naikunja sasa. Nitakuwa hapa kwenye benchi, nje ya mlango, sitaondoka kwenda popote. Ukimaliza kusoma, niite. Nitajibu.

Baba yako,
Luhende